Msituletee Tena Kaisari Mwema

Nina ugomvi na wenzangu, na nauleta hapa hadharani kwa sababu ni hapahapa ulipoanzia. Katika kurasa za gazeti hili, na katika miswada tunayosomeana jioni kabla haijafika kwa mhariri, umezuka mtindo wa hadithi za "laiti". Laiti Marcus Aurelius asingemrithisha mwanawe utawala. Laiti Kaisari Julian asingechomwa mkuki kwenye vita vya Uajemi mwaka 363. Laiti Majorian asingesalitiwa. Mwandishi anabadilisha kitu kimoja tu, mtu mmoja anapona au mtoto mmoja anakufa, na kufikia ukurasa wa tatu Dola ya Kirumi imenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Jeshi lina nidhamu, kodi ni za haki, Wagothi wamekuwa raia wema, na miaka elfu moja baadaye watu wanapanda meli za mvuke huku wakiongea Kilatini.

Jamani! Hivi kweli ndivyo dola inavyopona?

Mwenzangu mmoja, simtaji jina kwa vile bado tunaazimana vitabu, alitusomea hadithi yake ambamo Commodus anakufa kwa homa akiwa na miaka minane. Baba yake anamteua jemadari mwadilifu, jemadari naye anateua mwadilifu mwingine, na gurudumu linazunguka hivyo hivyo karne hadi karne. Watu wakapiga makofi. Mimi niliuliza swali moja tu: yule mkulima uliyemtaja mwanzoni, aliyekuwa anavuna zeituni, ameishia wapi? Akanijibu, "Aa, yule alikuwa mandhari tu." Basi. Hasira niliyoipata jioni ile ndiyo inayoandika leo.

Kabla hamjanirukia, nikiri kosa. Mkosaji wa kwanza ni mimi. Nina kaunta buku nne nilizozijaza riwaya juu ya Majorian. Kwa asiyemjua, huyu alikuwa mwanajeshi aliyeshika ukaisari wa Magharibi mwaka 457, wakati Dola hiyo imebakiwa na Italia pamoja na vipande vya Gaul na Hispania. Mwaka 458 alitoa sheria ambazo ukizisikia unasema huyu mtu alikuwa na uchungu. Alifuta malimbikizo ya kodi. Akawaondoa watoza kodi waliokuwa wakitumwa kutoka ikulu, kazi akairudisha kwa wakuu wa mikoa. Akapiga marufuku kubomoa majengo ya kale ya Roma kwa kutafuta mawe ya bure. Hakimu aliyeruhusu ubomoaji atozwe ratili 50 za dhahabu, na makarani waliomtii wachapwe na kukatwa mikono. Kisha akavuka milima ya Alps wakati wa baridi, akakusanya merikebu 300 katika pwani ya Hispania ili aikomboe Afrika ya Kaskazini mikononi mwa Wavandali. Mwaka 460 merikebu zile zilitekwa kabla hazijatweka tanga, na wasaliti walikuwamo. Alipokuwa anarudi, Ricimer, jemadari wake mwenyewe, alimkamata mjini Tortona tarehe 2 Agosti 461. Siku tano baadaye akauawa. Hata Gibbon, yule Mwingereza aliyewasuta karibu makaisari wote katika majuzuu sita aliyoyatoa kati ya 1776 na 1788, alipofika kwa Majorian alivua kofia.

Mnaona vile hadithi inavyojitengeneza yenyewe? Msaliti analewa, anapitiwa na usingizi, merikebu zinaondoka salama. Niliandika kwa raha, usiku kucha, mpaka kidole kikaota sugu. Sura ya 11 Majorian anaingia Carthage na watu wanamtupia maua. Sura ya 12 ilikuwa ianze asubuhi ya pili yake. Nikaandika: askari mmoja alibisha hodi. Nikakwama. Miezi mitatu nimekwama pale mlangoni, maana askari amekuja kudai mshahara, na mimi mwandishi, mwenye uwezo wa kumfufua nitakaye, sikuwa na pa kuutoa.

Hebu tupige hesabu, hata sisi ambao hesabu zilitutoa jasho kidato cha nne. Carthage iliangukia kwa Wavandali tarehe 19 Oktoba 439. Pamoja nayo zilikwenda ngano, mafuta na kodi za mikoa tajiri kuliko yote ya Magharibi. Mwaka 444 ukielekea kwisha, sheria ya Kaisari Valentinian wa Tatu inakiri waziwazi kwamba mapato hayatoshi kuwalisha na kuwavika hata askari waliopo, sembuse kuandikisha wapya. Ikabuniwa kodi mpya ya mauzo, sehemu moja katika 24, muuzaji na mnunuzi wakigawana mzigo. Nani anauza na kununua kila siku? Mtu wa sokoni.

Sasa angalieni upande wa pili. Olympiodorus, Mgiriki wa kutoka Thebes ya Misri aliyeandika miongo michache kabla ya hapo, anasema zilikuwapo nyumba nyingi za mjini Roma zilizoingiza ratili 4,000 za dhahabu kila mwaka kutokana na mashamba yao, mbali na nafaka, divai na mazao mengine ambayo yakiuzwa yangefikia theluthi ya kiasi hicho. Zilizoitwa nyumba za kati ziliingiza kati ya ratili 1,000 na 1,500. Ratili moja ilitoa sarafu 72 za dhahabu. Nyumba moja basi ilipata sarafu 288,000 kwa mwaka! Seneta Symmachus, ambaye Olympiodorus anamweka miongoni mwa wenye mali ya wastani tu, alitumia ratili 2,000 kwa michezo ya kusherehekea cheo cha mwanawe. Wastani, bwana wee. Wanyama, wapanda farasi na makofi, halafu hazina haina viatu vya askari.

Kwa hiyo fedha ilikuwapo. Tena ilikuwa mjini hapohapo, mitaa michache kutoka mahali zilipotungwa sheria za kulalamika kwamba fedha hakuna.

Turudi kwa Majorian wangu mshindi. Ameikomboa Afrika, sawa. Mashamba ya Afrika yalikuwa ya nani kabla ya Wavandali? Mengi yalikuwa ya Kaisari mwenyewe, na mengi ya maseneta haohao. Watarudi na hati zao, naye hawezi kuwafukuza, kwa sababu bila wao hana kiti. Watamtafuta mkulima wao waliyemwacha, na mkulima atarudishwa chini ya sheria ileile ya zamani. Niligundua, wenzangu, kwamba kaunta buku zangu nne ni safari ndefu ya kumrudishia kabaila shamba lake. Nami nilikuwa nimeiita riwaya ya ukombozi.

Na yale malimbikizo ya kodi yaliyofutwa? Niliyapenda sana mwanzoni. Lakini fikirini: nani huwa na malimbikizo? Maskini halimbikizi deni la serikali. Mtoza kodi akifika anachukua ng'ombe, mchezo umekwisha. Anayeweza kukaa miaka kumi bila kulipa ni mkubwa mwenye ukuta, walinzi na binamu serikalini. Padri Salvian wa Marseille, aliyeishi zama hizo na kuandika yapata mwaka 440, aliliona jambo hilo: nafuu ikitolewa hugawanwa na matajiri, na mzigo ukiongezwa huwaangukia maskini. Anasema pia kwamba watu walikuwa wakikimbilia kwa Wagothi na kwa waasi wa misituni kutafuta utu ambao Warumi walikuwa wameupoteza.

Mtaniambia Roma ilianguka kwa kukosa mageuzi. Nani kawaambia? Roma ilifanyiwa mageuzi hadi ikachoka. Baada ya fujo za mwaka 235 hadi 284, ambapo makaisari zaidi ya 20 walipanda na kushuka na sarafu ya fedha ikabakia shaba iliyopakwa fedha juu, alikuja Diocletian. Huyo ndiye Kaisari mwema mnayemlilia, yaani mchapakazi, mtu wa mipango. Aligawa utawala kwa watu wanne, akaongeza mikoa kutoka kama 50 hadi karibu 100, akahesabu ardhi na vichwa vya watu ili kodi ijulikane mapema. Mwaka 305 alijiuzulu kwa hiari yake, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi mpaka leo, akaenda kupumzika katika jumba lake la Split.

Mwaka 301 alitoa ile amri maarufu ya bei. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapopapenda. Bei za vitu zaidi ya elfu moja zilichongwa kwenye mawe, na atakayezidisha adhabu yake kifo. Kibarua wa shamba: dinari 25 kwa siku, na chakula juu. Msafisha mitaro: 25, na chakula juu. Kipimo kimoja cha jeshi cha ngano: 100. Yaani siku nne na jembe mkononi kwa kipimo kimoja cha ngano. Mwalimu wa watoto wadogo: 50 kwa kila mtoto kwa mwezi. Mwandishi wa kunakili: mistari 100 ya mwandiko wa daraja la kwanza, dinari 25. (Mhariri asome mstari huo mara mbili.) Na simba dume wa Afrika kwa ajili ya michezo: dinari 150,000. Kibarua wetu angelazimika kufanya kazi zaidi ya miaka 16, bila siku hata moja ya kupumzika, ili thamani yake ifikie ya simba mmoja wa kuuawa mchana mmoja mbele ya watu. Hakuna riwaya ya laiti niliyowahi kuisoma inayosema mengi kama orodha ile.

Lactantius, Mkristo aliyemchukia Diocletian, anasema bidhaa zilitoweka sokoni, damu ikamwagika kwa vitu vya bei ndogo, mwishowe amri ikafa yenyewe. Bei zilimshinda. Lakini kodi na jeshi havikumshinda, na Constantine akaendelea palepale alipoachia. Constantine alileta sarafu ya dhahabu, ile ya 72 kwa ratili, ikadumu na thamani yake kama miaka 700. Kazi nzuri kweli! Ila mkulima alikuwa anaishika mara ngapi? Kodi na mishahara ya wakubwa ilikwenda kwa dhahabu, na mtu wa chini akabaki na vipande vya shaba ambavyo thamani yake ilikuwa ikiyeyuka. Constantine huyohuyo aliweka kodi ya dhahabu kwa wafanyabiashara na mafundi, ikawagusa hadi makahaba, ikikusanywa kila baada ya miaka minne au mitano. Waandishi wa karne zile wanasimulia wazazi waliouza watoto ili wailipe. Na mwaka 332, tarehe 30 Oktoba, alitoa sheria kuhusu wakulima wapangaji: anayeonekana anapanga kutoroka shamba afungwe minyororo kama mtumwa, afanye hivyo hivyo kazi zinazomstahili mtu huru.

Someni tena sentensi hiyo. Minyororo, ili afanye kazi za mtu huru.

Kwa hiyo mageuzi yalikuwapo, tena mengi yalifaulu. Jeshi lililipwa karne nzima na ushee. Bili ilipelekwa kwenye bega lilelile kila mara, na bega lilipochoka, wakubwa wakashangaa kwa nini hakuna anayetoka nyumbani kuitetea Dola. Ndiyo sababu namkataa Kaisari mwema wa hadithi zenu. Mnamweka juu ya mashine ileile, mnabadilisha dereva, halafu mnatwambia gari limekuwa lingine.

Sasa kuna wa kunisuta: "Wewe kijana, Roma inakuhusu nini? Andika ya kwenu." Sina muda mrefu na hoja hii. Mkate wa Roma ulikuwa ngano ya Misri na ya Afrika Kaskazini. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya. Mabaharia wa kutoka Misri ya Kirumi waliandika katika karne ya kwanza juu ya soko la Rhapta kwenye pwani hii yetu, ambako pembe za ndovu na magamba ya kasa yalibadilishwa kwa mikuki, mashoka na visu. Pembe ile ilikuwa ikienda kupamba vitanda vya nani? Na zaidi ya hapo, Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari kikafika mikononi mwetu, Roma ikawa na Kiswahili chake. Tumekulia nayo. Kumbukeni tu mchezo ule unahusu nini: waungwana wanamchoma mtu mmoja wakiamini kwamba akiondoka yeye, nchi itarudi ilivyokuwa. Wanachopata ni vita na Kaisari mwingine. Wandugu wa laiti mnafanya kosa la akina Brutus kinyumenyume. Wao waliamini nchi itapona kwa kumtoa mmoja, ninyi mnaamini itapona kwa kumwingiza mmoja.

Mtindo huu si wenu wa kwanza, msije mkajiona wabunifu sana. Mfaransa Charles Renouvier alitoa mwaka 1876 kitabu kizima cha historia ambayo haikutokea, na jina la aina hii ya maandishi kwa Kifaransa alilibuni yeye. Kwake njia inachepuka wakati wa Marcus Aurelius na jemadari Avidius Cassius, ambaye katika historia halisi aliasi mwaka 175 na kuuawa na watu wake mwenyewe. Renouvier nampa heshima moja: alijua kubadilisha mtu hakutoshi, akagusa ardhi na utumwa. Lakini hata yeye alihitaji wakubwa wawili wenye busara waelewane kwanza, na Ukristo ilibidi ausukumie Mashariki ili mpango wake ukae sawa. Mmarekani L. Sprague de Camp, katika riwaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1941, alimpeleka msomi wa karne ya 20 hadi Roma ya mwaka 535. Yule bwana haanzi na upanga. Anaanza na kukopa fedha, kupika pombe kali, na kuwafundisha watu kuandika hesabu. Hapo nilicheka nikampenda. Baadaye naye anaingia kwenye fitina za wafalme, lakini angalau alipitia sokoni.

Mtauliza, je, viongozi hawana maana kabisa? Sijasema hivyo. Nasema tutafute mlango mwingine wa kuingilia. Chukueni mwaka 376. Wagothi kwa maelfu wamesimama ukingoni mwa Danube, wamekimbia Wahun. (Naandika Wahun kwa makusudi, mtu asidhani nawasema wahuni wa stendi.) Kaisari Valens anakubali wavuke. Chakula kinatakiwa. Ammianus Marcellinus, mwanajeshi aliyeishi wakati huo, anaeleza walichofanya maofisa Lupicinus na Maximus: waliwauzia wenye njaa nyama ya mbwa, mbwa mmoja kwa mtu mmoja wa kwenda utumwani, na wakubwa wa Wagothi wakatoa watoto wao. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Agosti 378, Wagothi haohao wakaliteketeza jeshi la Mashariki huko Adrianople, Valens mwenyewe akafa na mwili wake haukuonekana. Haya, andikeni laiti hiyo! Laiti mtunza ghala angekuwa mwaminifu. Laiti kungekuwa na karani mmoja mwenye rejista na ujasiri wa kumshtaki bosi wake, na mahakama ya kumsikiliza. Hapo utalazimika kueleza karani alilipwa nini, anamwogopa nani, barua yake inapita mikono mingapi. Hiyo ni riwaya. Ile nyingine ni ndoto ya mchana.

Au Anastasius. Nani kati yenu amewahi kuandika juu ya Anastasius? Hakuna. Alishika ukaisari wa Mashariki mwaka 491 akiwa na miaka 60 hivi, mtumishi wa ikulu, jicho moja rangi hii na jingine rangi ile. Si jemadari. Mwaka 498 akafanya mambo mawili. La kwanza, alileta sarafu kubwa za shaba zenye thamani iliyoandikwa juu yake, mtu wa kawaida akapata chenji ya kuaminika. Chenji! Cheka ukitaka, lakini aliyewahi kurudishiwa pipi badala ya salio anajua ninachosema. La pili, aliifuta ile kodi ya mafundi na wafanyabiashara iliyowekwa na Constantine, tena akazikusanya nyaraka zake na kuzichoma moto ili asitokee mjanja wa kuifufua. Mji wa Edessa ulikuwa ukitoa ratili 140 za dhahabu kila miaka minne kwa ajili ya kodi hiyo. Habari ilipofika, mji mzima ulivaa nguo nyeupe, ukatoka na mishumaa na ubani, na sherehe zikaendelea wiki nzima. Hazina ikafilisika? Wapi! Alipokufa mwaka 518 aliacha ratili 320,000 za dhahabu, na ni hizo Justinian alizopata kuchezea vita.

Sisemi alikuwa malaika. Mji wake ulimwasi kwa ugomvi wa imani, na vita alipigana. Lakini angalieni mageuzi yake yalipogusa: bega lilelile, safari hii kwa kulipunguzia. Na Mashariki iliendelea kuishi mpaka 1453. Wasomi watataja sababu nyingine, kuta za Constantinople, ngano ya Misri, na wana haki; mimi nataka tu mtu mmoja kati yetu ajiulize ingekuwaje kama moto ule wa nyaraka ungewashwa Carthage mwaka 400, wakati mkulima bado yupo na Wavandali bado wako mbali.

Kuna mtu mmoja ananinyima usingizi. Mwaka 449 Priscus, mjumbe kutoka Constantinople, alikuwa kambini kwa Attila. Mtu aliyevaa kama Mhun akamsalimu kwa Kigiriki. Alikuwa mfanyabiashara wa Viminacium, mji wa kando ya Danube, alitekwa, akapigana vitani kwa ajili ya bwana wake mpya, akapata uhuru, akaoa, anakula meza moja na bwana wake. Priscus akamuuliza kwa nini harudi. Akajibu kwamba anaishi vizuri kuliko zamani: kule kodi hazina huruma, na mahakamani tajiri akikosa hapati adhabu, maskini anasubiri kesi hadi anakufa, na haki yenyewe inauzwa. Priscus akazitetea sheria za Kirumi kwa hotuba ndefu. Yule mtu akalia. Akasema sheria ni nzuri, ila watawala hawazifikirii kama wale wa zamani.

Najua mtanishika hapo: si umeona, hata yeye analia viongozi! Analia, ndiyo. Lakini hakumtaja Kaisari. Alitaja mtoza kodi na hakimu, watu wawili aliowahi kusimama mbele yao na kofia mkononi. Ukimletea huyu habari kwamba ikulu ameingia mwema, atakuuliza hakimu wa Viminacium ni nani sasa, naye utamjibu nini?

Kaunta buku ya tatu na ya nne nimezichana. Zile mbili za kwanza nimebakiza kwa sababu upande wa nyuma ni mweupe, na huko ndiko ninakoanza upya, na huyu mfanyabiashara, siku moja kabla hajatekwa, akiwa ameketi mahakamani Viminacium kwa siku ya 40 akisubiri jina lake liitwe. Hakuna Kaisari hata mmoja katika sura tatu za mwanzo, isipokuwa uso wake kwenye sarafu anayotoa kwa karani.

Na wewe mwenzangu wa Commodus, muswada wako bado ninao. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu, hasa pale penye zeituni. Njoo uuchukue, na uje na kalamu yako; sura ya 12 yangu pia ina nafasi nyingi tupu.